Jinsi ya kuchangisha fedha za kuifanya meli kongwe ya abiria iendelee kusafiri

Mwaka 1974 meli ya mvuke Waverley, iliyoshushwa majini 1946, ilikabidhiwa kwa chama cha wapenzi wa meli zinazosukumwa na magurudumu ya kasia huko Uingereza kwa bei ya pauni 1. Mwaka 2019 boila zake, yaani matangi yanayochemsha maji kuwa mvuke, zikagoma, safari za msimu mzima zikafutwa, na wenyewe wakatangaza mchango wa pauni milioni 2.3. Ilirudi kubeba abiria Agosti 2020. Kamati nyingi hujitayarisha kwa ile pauni moja, yaani kuipata meli, halafu bili ya boila inawakuta hawana hata orodha ya watu wa kuwaomba.

Kazi ianze kwa kutenga mifuko miwili. Nauli, baa na duka la melini vilipe mafuta, mishahara ya mabaharia, ada za gati na bima. Michango ilipe chuma, boila, mitambo na vyeti. Mkianza kuziba pengo la mafuta kwa fedha zilizotolewa kwa ajili ya boila, mmevunja ahadi kwa mtoaji, na katika nchi nyingi mmevunja sheria pia. Fungueni akaunti mbili benki, si safu mbili kwenye daftari moja.

Jueni kwanza safari moja inahitaji abiria wangapi

Wafadhili wakubwa watauliza swali hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu hakuna anayetaka kununulia boila meli inayopata hasara kila ikiondoka gatini. Tuchukue takwimu za mfano, kwa sarafu yoyote ile. Gharama zisizobadilika kwa mwaka ni 720,000 na mmepanga siku 90 za safari, kwa hiyo kila siku inabeba 8,000. Ongezeni mafuta 4,000 na ada za gati 1,000, jumla 13,000. Kwa wastani wa nauli ya 40, mnahitaji abiria 325 kila siku. Sasa upepo na mawimbi vifute siku 15. Zile 720,000 hazipungui, zinagawanywa kwa siku 75, na hesabu inapanda hadi abiria 365. Kama meli ina kibali cha kubeba 400, mmebakiwa na nafasi finyu mno, na ni bora mkaigundua mezani kuliko mwezi wa mwisho wa msimu. Bajeti isiyo na siku zilizofutwa kwa hali ya hewa isipelekwe popote.

Lengo la mchango litoke kwa mkaguzi

Msitaje kiasi cha fedha kabla meli haijapimwa. Ajirini mpimaji anayejitegemea apime unene wa mabamba ya chuma ya meli kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, hasa sehemu zinazooza kimyakimya: mstari wa maji, chini ya vyoo na jiko, ndani ya ngama ambako maji hutuama, na nyuma ya mbao za saluni, yaani ukumbi wa abiria, ambako hakuna aliyechungulia kwa miongo. Wakaguzi kwa kawaida huanza kudai bamba libadilishwe likipoteza karibu moja ya tano hadi robo ya unene wake wa asili. Bamba la milimita 8 likifika 6, hesabuni kwamba linatoka.

Viwanda vya meli hutoza kazi ya chuma kwa kilo. Mita moja ya mraba ya bamba la milimita 8 ina uzito wa karibu kilo 63, kwa hiyo mita 20 ni kilo 1,260 hivi. Wachangishaji wengi huishia hapo, wakazidisha kwa bei ya kilo na kutangaza lengo. Lakini bei hiyo mara nyingi haina jukwaa la kazi, kung'oa na kurudisha mbao za ndani, kusafisha matangi na kuthibitisha kwamba hayana gesi, mlinzi wa moto wakati wa kuchomelea, kreni, umeme wa nchi kavu, siku za kukaa chelezoni (mahali meli inapotolewa majini kutengenezwa), rubani wa bandari, meli ya kuvuta, wala rangi. Asbestosi ikionekana nyuma ya mbao, kazi inasimama hadi wataalamu waiondoe. Na meli ya ribiti, ambayo mabamba yake yameunganishwa kwa pini za chuma zilizogongwa, ina tabia yake: joto la kuchomelea bamba jipya hulegeza ribiti za jirani, nazo zikaanza kuvuja, kazi ya mita mbili ikageuka ya mita tano. Ndiyo maana akiba ya dharura ya asilimia 10 inayotosha jengoni haitoshi hapa. Wekeni 25, na kwa meli ambayo haijafunguliwa kwa miaka mingi wekeni 30.

Ombeni pia barua ya mamlaka ya usalama wa meli ikieleza watadai nini kabla ya kutoa cheti cha abiria. Delta Queen ya Marekani, meli ya mtoni ya 1927, ilisimama kubeba abiria wa safari za kulala mwaka 2008 kwa sababu msamaha wake kutoka kwenye sheria ya usalama wa moto uliisha; sehemu yake ya juu ni ya mbao. Fedha peke yake hazikuweza kuitatua shida hiyo. Mfadhili mwenye uzoefu atawauliza kuhusu cheti kabla hajauliza kuhusu rangi.

Jedwali la michango

Gawanyeni lengo kabla ya kumwomba mtu yeyote. Kwa lengo la 600,000, mgawanyo unaofanya kazi ni kama huu: mchango 1 wa 120,000, miwili ya 60,000, minne ya 25,000, kumi ya 8,000, arobaini ya 1,500, mia sita ya 100. Hapo mna 540,000, na 60,000 zilizobaki zitatoka kwa michango ya abiria melini. Ona kwamba watu saba wa kwanza wanaleta 340,000, zaidi ya nusu. Kwa kila mchango wa ngazi hizo za juu mnahitaji majina matatu au manne ya watu au taasisi zinazoweza kweli kutoa. Mkiwa na majina mawili tu, lengo si 600,000.

Awamu ya kwanza iwe ya kimya. Kusanyeni ahadi za maandishi za nusu ya lengo, ndipo mtangaze hadharani. Kipimo cha michango kinachoanza na sifuri huwatia watu mashaka, wakati kinachoanza na nusu huwavuta.

Mashirika ya urithi wa kihistoria hutoa ruzuku, lakini soma masharti kwa miwani. Mengi hulipa baada ya ninyi kulipa, kwa kuonyesha risiti, kwa hiyo mnahitaji fedha za kuvukia miezi miwili au mitatu. Mengi hayagusi kazi iliyokwisha kuanza. Mkitia saini mkataba wa kiwanda Jumatatu na barua ya ruzuku ikaja Ijumaa, ruzuku hiyo huenda ikafutika. Wasia nao ni baraka, ila usiwekwe kwenye bajeti hata siku moja: haujulikani utakuja lini.

Kuuza sehemu za meli kwa majina

Watu hutoa kwa moyo zaidi wakijua wamelipia kitu gani: ribiti, mrija wa boila, ubao wa sitaha, mita ya bamba, kipande cha zinki kinacholiwa na kutu badala ya chuma. Bei ya kila kitu iwe gharama ya kukiweka mahali pake, si ya kukinunua. Mrija wa boila una bei yake dukani, lakini kuuingiza, kuupanua kwenye bamba lake na kuujaribu kwa shinikizo la maji kunaweza kuzidi bei hiyo mara kadhaa. Mkiuza "mrija" kwa bei ya dukani, mirija yote itaisha na boila haitakuwa na fedha za fundi.

Majina yaandikwe kwenye kitabu au ubao ndani ya saluni, si kwenye kitu chenyewe. Mirija hubadilishwa, mbao huoza, na hakuna aibu kama ya mtoaji kukuta jina lake kwenye pipa la vyuma chakavu. Na kwenye kila fomu wekeni sentensi hii: fedha zikizidi au kazi hii isipowezekana, zitatumika kwa kazi nyingine ya kuifanya meli hii iendelee kusafiri. Bila hiyo mtalazimika kumwandikia mtoaji mmoja mmoja.

Kifaa kizuri cha kuchangishia kuliko bango lolote ni kipande cha bamba kilichokatwa melini, ukubwa wa kiganja, kilichowekwa mezani karibu na kipande kipya. Kingo za kile cha zamani ni nyembamba kama sahani, na alama ya chaki ya mpimaji, "5.4", bado ipo. Mpeni mgeni kalipa, kifaa cha kupimia unene, apime mwenyewe.

Ndani ya meli

Msiombe abiria anapopanda. Hapo anatafuta kiti na watoto. Ombeni saa moja ya mwisho ya kurudi, baada ya kuwapa nafasi ya kushuka kuitazama injini ikifanya kazi. Nahodha atangaze mwenyewe, kwa dakika moja na nusu, akitaja kitu kimoja na bei yake. Kisha watu wapite sitaha zote kwa wakati mmoja. Kapu moja likizunguka polepole, nusu ya abiria watakuwa wameshapanga foleni ya kushuka. Mashine za kadi ziwe zile zinazohifadhi malipo bila mtandao, maana katikati ya maji mawasiliano hukatika. Makasha yafungwe kwa lakiri zenye namba, na yafunguliwe na watu wawili.

Historia ya meli iingie kwenye ukurasa mmoja, tena kwa matukio yanayoshikika. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kurudi kazini 1927, haihitaji sifa za ziada. Tarehe zinatosha.

Mmiliki na mwendeshaji

Ni desturi nzuri meli imilikiwe na taasisi ya hisani na iendeshwe na kampuni tofauti, kama ilivyo kwa Waverley, ili madeni ya biashara yasiifikie kirahisi. Ila msijidanganye kwamba ukuta huo hauna tundu. Mishahara ya mabaharia isiyolipwa, gharama za uokoaji na hasara ya kugongana huifuata meli yenyewe, awe nani mmiliki. Na kiwanda kina haki ya kuizuia chelezoni hadi kilipwe. Lipeni mabaharia kwanza.

Siku ya kuamua

Nafasi ya chelezo hukatwa mapema na huhitaji amana. Hesabuni kurudi nyuma: cheti kinaisha lini, kiwanda kinataka wiki ngapi, ahadi za fedha zinatakiwa ziwe zimefika lini. Tarehe hiyo ya mwisho iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla mchango haujaanza. Ikifika fedha zikiwa chini ya asilimia 80, msiipeleke meli chelezoni kwa matumaini. Meli iliyofunguliwa nusu chelezoni inalipiwa kila siku, na haiwezi kuelea kurudi nyumbani.

Badala yake iegesheni ipasavyo na muwaeleze watoaji siku hiyohiyo. Boila ikaushwe kabisa, iwekewe trei za kemikali ya kunyonya unyevu na kufungwa, na trei zikaguliwe kila baada ya wiki chache. Valvu za maji ya bahari zifungwe, kengele ya maji ya ngama iwekwe na iwe na betri yake, bima ibadilishwe kuwa ya meli iliyoegeshwa, ambayo ni nafuu, na mtu azungushe mitambo kwa mkono kila wiki. Gharama hizi nazo ziwe na mstari wake kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.