Kupanga Nyumba College Hill, Providence: Ya Kuuliza Kabla Hujatia Saini

Ukishuka kituo cha treni cha Providence, jimbo la Rhode Island, ukatazama mashariki ng'ambo ya mto, kilima unachokiona ndicho College Hill. Juu kipo Chuo Kikuu cha Brown, ubavuni kipo chuo cha sanaa cha RISD, na kuanzia bondeni mpaka kileleni zimebanana nyumba za mbao na za matofali za karne ya 18 na ya 19. Kila ikifika mwezi wa tatu au wa nne napata ujumbe wa WhatsApp kutoka Dar, Nairobi au Kampala: nimepata nafasi Brown, nipange wapi? Nimelijibu swali hilo vipande vipande kwa miaka mingi. Safari hii nalijibu lote.

Msimamo wangu nausema mapema. Kama uko peke yako, au uko na mwenzio na hamna mtoto, kilimani patakufaa ukiimudu kodi. Kama una mtoto aliye chini ya miaka sita, usitie saini nyumba yoyote ya zamani mpaka umepata majibu ya maandishi kuhusu rangi.

Rangi, ndiyo. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto wadogo, kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978, na College Hill karibu nyumba zote ni za kabla ya hapo. Rangi hiyo ikiwa imefunikwa vizuri haina neno. Hatari iko inapobanduka au inaposuguana, na mahali inaposuguana kila siku ni dirishani. Madirisha ya kale ya huku hayafunguki kwa bawaba kama yetu. Unainua kioo kwenda juu, mbao ikikwaruza mbao.

Mwaka wetu wa kwanza tulipanga ghorofa ya tatu, na mwanangu alikuwa na miezi kumi na moja. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, na pa kushikia alipopapenda ni kizingiti cha dirisha la sebuleni, kwa sababu kilimtosha kimo. Kila nilipoinua dirisha lile, unga mweupe ulidondoka kizingitini. Nilidhani ni vumbi la kawaida, nikawa naufuta kwa kiganja. Yeye alishika palepale, kisha vidole vikaenda mdomoni. Tulipompeleka kliniki, muuguzi aliniuliza nyumba yetu imejengwa mwaka gani kabla hata ya kumpima uzito. Nikamjibu kwa fahari, maana mwaka wenyewe ulikuwa umeandikwa kwenye kibao mlangoni. Majibu ya damu yaliporudi, risasi ilikuwa imepanda. Tulihama ndani ya wiki tatu, na namshukuru Mungu kipimo kilishuka. Lakini usingizi nilioukosa wiki zile sitaki wewe uukose.

Basi uliza haya. Sheria ya nchi inamtaka mwenye nyumba ya kabla ya 1978 akueleze kwa maandishi anachokijua kuhusu rangi ya risasi, tena kabla hujatia saini. Rhode Island nayo ina cheti chake cha kuonyesha kuwa nyumba ya kupangisha imekaguliwa na haina hatari hiyo. Omba ukione, usome na tarehe. Akikwambia "kipo, nitakuletea", mwambie utatia saini atakapokileta. Mtoto naye apimwe: jimbo linataka kila mtoto apimwe damu angalau mara mbili kabla hajatimiza miaka mitatu. Usingoje kukumbushwa.

Kuna jibu moja utakalopewa ambalo lazima ulielewe: "Hii ni nyumba ya kihistoria, haturuhusiwi kubadilisha madirisha." Nusu yake ni kweli. Sehemu kubwa ya kilima ni eneo la uhifadhi tangu 1960, na tume ya jiji ndiyo inayoidhinisha mabadiliko ya nje: madirisha, milango, mbao za ukutani. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu halimshangazi hilo. Na kwao hubadilishi mlango kwa kujiamulia. Ila kanuni hizo zinalinda sura ya nyumba. Hazimwondolei mwenye nyumba wajibu wa kumkinga mpangaji. Dirisha la kale linaweza kukwanguliwa kitaalamu, likapakwa upya na kuwekewa reli ambazo mbao haisuguani nazo, na barabarani lisionekane limebadilika.

Vibao nilivyovitaja utaviona Benefit Street yote, mtaa wa hapa kilimani: kibao kidogo karibu na mlango, jina la mwenyewe wa kwanza na mwaka. Ni vya chama cha uhifadhi cha Providence, kilichoanzishwa 1956 wakati Chuo cha Brown kikijitanua na kubomoa nyumba za kale. Mwaka 1959 chama, pamoja na jiji, kilitoa ripoti kubwa kuhusu namna ya kukinusuru kilima, na kweli kikanusurika. Lakini kibao hakikuambii nani aliondoka. Upande wa kaskazini wa Benefit Street wakati ule ulikuwa na vyumba vya bei nafuu, na wengi waliovipanga walikuwa watu weusi. Nyumba zilipokarabatiwa zikauzwa kwa wenye uwezo, wao wakatafuta pengine. Mtaa wa Lippitt Hill, jirani kabisa, ulibomolewa. Na chini, Fox Point, waliishi Waafrika wa Cape Verde, mabaharia na makuli wa bandarini, mpaka barabara kuu ya I-195 na kodi zilizopanda zikawasukuma kwenda miji jirani ya East Providence na Pawtucket. Tunapouliza mbona kilimani ni ghali hivi, jibu liko humo.

Na kabla ya hayo kuna meli. Mwaka 1764, mwaka uleule chuo kilipoanzishwa, ndugu wanne wa ukoo wa Brown walituma meli iitwayo Sally Afrika Magharibi kununua watumwa. Watu 196 walinunuliwa. Wasiopungua 109 walikufa. Chuo chenyewe kiliichunguza historia hii na kutoa ripoti mwaka 2006, na tangu 2014 pana kumbukumbu yake kwenye uwanja wa mbele: nusu tufe la chuma, kama mpira uliozikwa nusu, na mnyororo mnene unaochomoza juu kisha umekatika. Nenda wiki yako ya kwanza, usingoje wageni wa kuwapeleka. Mimi nilipita hapo muhula mzima nikikimbilia darasa kabla sijasimama kusoma, na najutia.

Turudi kwenye fedha. Baridi ya huku inalipiwa, na nyumba ya mbao ya miaka mia mbili inavuja joto kila pembe. Kabla ya kulinganisha kodi mbili, uliza kama joto limo ndani ya kodi. Kama halimo, uliza nyumba inapashwa kwa gesi, umeme au mafuta. Ya mafuta ina tangi chini ya nyumba, lori linakuja kulijaza, na bili ya mara moja inaweza kukushtua. Omba kuona bili za Januari na Februari zilizopita. Nyumba ambayo kodi yake ni nafuu kwa dola mia mbili kwa mwezi huweza kuwa ghali kuliko jirani yake ikifika Machi.

Uliza pia nani anaondoa theluji njiani na kwenye ngazi, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Mteremko ni mkali kwelikweli: Jenckes Street na College Street vinapanda kama ngazi zisizo na vidato, njia za miguu ni za matofali yaliyoinuliwa na mizizi ya miti, na barafu ikishika hapo, mama mwenye kigari cha mtoto hana njia. Mabasi yana handaki lao chini ya kilima, lililochimbwa 1914, linalotoka mjini na kuibukia karibu na Thayer Street. Lizoee. Ukiwa na gari, fahamu kwanza utaratibu wa jiji wa kuegesha barabarani usiku.

Chakula hakitakusumbua. Maduka ya Walatino na Waafrika huko South Providence yana ndizi, mihogo, maharage na nazi ya kopo. Unga mweupe wa mahindi upo hata wa hapahapa Rhode Island, wanaoutumia kupika chapati ndogo za maji ziitwazo jonnycake. Ni wa kusagwa kwa mawe, ugali wake una chengachenga lakini unashika.

Mwenye familia aangalie pia Mount Hope, East Providence na Pawtucket. Utaishi na majirani wa kila aina, na Wakongo walioletwa kama wakimbizi wameleta Kiswahili katika viunga hivi.

Usitume pesa kwa nyumba ambayo hakuna mtu unayemwamini aliyeingia ndani. Omba mwanafunzi mwenzako aende akuonyeshe kwa video, na afungue madirisha. Amana, yaani pesa ya dhamana unayomwekea mwenye nyumba, kwa nyumba isiyo na fanicha, sheria ya Rhode Island hairuhusu izidi kodi ya mwezi mmoja. Huna historia ya mikopo Marekani, ambayo wenye nyumba huitazama, hivyo andaa barua ya ufadhili na taarifa ya benki, na uiulize ofisi ya makazi ya chuo kabla ya dalali yeyote.

Siku ya kuingia, piga picha kila kona, mikwaruzo na madoa yote, uzitume kwa barua pepe kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Siku ya kutoka rudia, rudisha funguo, na mwachie anwani yako mpya kwa maandishi. Hapo ana siku 20 za kukurudishia amana au kukupa orodha ya alichokata. Usipoacha anwani, siku hizo hazianzi kuhesabiwa.