Tumbo la mbwa likijaa gesi: la kufanya hatua kwa hatua

Jumatatu asubuhi simu zangu nyingi huwa ni za jambo moja. Jana kulikuwa na wageni, biriani ikabaki, mbwa akamiminiwa yote. Usiku kucha tumbo linanguruma, anajamba ovyo, na kulipokucha kinyesi ni uji. Natibu wanyama huku Kisauni na Nyali, Mombasa, na wengi wa mbwa hao hupona nyumbani bila dawa. Wachache hawangoji hata kupambazuke, kwa hiyo naanza na hao.

Hatua ya 1: Hakikisha ni gesi kweli

Mtazame akiwa amesimama. Mwenye gesi ya kawaida hujamba na tumbo humnguruma, lakini anatembea, anakunywa maji, na ukimwita anakuja.

Kuna hali nyingine ambayo kwa macho hufanana na gesi, nayo huua kwa saa chache. Tumbo hujaa hewa kisha hujipinda, hewa ikakosa pa kutokea na damu ikashindwa kurudi moyoni. Utaona amevimba nyuma ya mbavu, pamekuwa pagumu kama ngoma. Anajikakamua kutapika na hatoi kitu ila povu. Mate yanamtiririka, hatulii, akilala anainuka. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kilichoshuka, kama German Shepherd na Rottweiler, na hao ndio walinzi wa nyumba nyingi hapa mjini. Ukiona hivyo usimpe Eno, ile dawa ya gesi ya binadamu, usimkande tumbo, usiseme tuone asubuhi. Mpigie daktari huku mnaondoka. Aliye Likoni na daktari wake yuko kisiwani aihesabu na foleni ya feri. Bora atafute daktari wa upande wake.

Kisha inua mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi ya waridi irudi kabla hujahesabu mbili. Vuta ngozi ya mabegani: ikibaki imesimama, amekaukiwa maji. Ufizi mweupe, damu kwenye kinyesi, kinyesi cheusi kama lami, au kutapika kusikokoma, hayo ni ya daktari siku hiyohiyo. Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo akitapika na kuhara pia usimngojee, huenda ikawa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa.

Hatua ya 2: Ulizia alichokula

Muulize anayemlisha. Nyumba nyingi huku anayemlisha ni soja, yaani mlinzi, si mwenye nyumba, na soja akiulizwa kwa upole atakwambia ukweli: mbaazi za asubuhi zilibaki, au maziwa yalikuwa yameganda. Mbaazi na maharagwe huchachia kwenye utumbo na kutoa gesi. Maziwa vilevile, kwa kuwa mbwa wengi wazima hawawezi kuisaga sukari yake. Na kwa joto letu hili, chakula kilichokaa sufuriani tangu mchana si chakula tena ifikapo usiku.

Biriani na pilau zina hatari zaidi ya gesi. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, na dalili huweza kuchelewa siku kadhaa. Zabibu kavu zinaweza kuua figo. Kama amekula vitu hivyo, piga simu hata akiwa anaonekana mzima.

Kama alikwenda ufuoni, ulizia kama alikunywa maji ya bahari, maana chumvi huharisha. Kama aliokota samaki, ulizia ni samaki gani. Bunju anayemuua binadamu humuua na mbwa.

Hatua ya 3: Lipumzishe tumbo

Mbwa mzima mwenye afya, mnyime chakula kwa saa 12. Mtoto wa mbwa, mbwa mdogo wa umbo, anayenyonyesha au mwenye kisukari usimfungishe. Huyo anza moja kwa moja na hatua ya 4. Maji yasikosekane, ila yawe kidogo kidogo na mara kwa mara, kwani akinywa bakuli zima kwa pupa atayatapika. Yawe maji matamu. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na hii si siku ya kumpa maji hayo.

Hatua ya 4: Wali mashendea na kuku

Chemsha mchele mweupe mpaka ulainike kabisa. Usitie tui. Najua mkono wa Pwani huenda kwenye nazi wenyewe, lakini mafuta ya tui ndiyo yatakayomrudisha kuharani. Chumvi usitie, mafuta usitie, kitunguu usitie. Kuku mchemshe peke yake, utoe ngozi na mifupa yote, umchambue. Changanya wali sehemu mbili, kuku sehemu moja.

Mpe vijiko vichache kwanza. Saa mbili zikipita bila kutapika, ongeza, ukigawa chakula cha siku mara nne. Kijiko kimoja au viwili vya malenge yaliyochemshwa na kupondwa husaidia kinyesi kushikana. Endelea hivyo siku mbili au tatu. Kama bado anahara baada ya siku mbili, njoo naye.

Flagyl, dawa ya kuhara ya binadamu, iliyobaki nyumbani usimpe. Ikizidi hudhuru mishipa ya fahamu, akaanza kuyumba. Panadol na dawa nyingine za maumivu za binadamu ndizo mbaya zaidi.

Hatua ya 5: Mrudishe taratibu

Changanya kwenye wali na kuku robo ya chakula chake cha zamani, kesho kutwa nusu, kisha robo tatu. Ichukue wiki nzima. Na kama chakula chake ni ugali, unga ulioshika kuvu usiwe fungu lake; sumu ya kuvu hiyo hula ini.

Hatua ya 6: Gesi isiyoisha

Mtazame anavyokula. Anayefakamia humeza hewa. Mtandazie chakula kwenye sinia, au weka bakulini jiwe kubwa laini asiloweza kulimeza. Wakiwa wawili, walishe mbalimbali, maana pupa ni ya kushindana. Asikimbizwe saa nzima baada ya kula.

Minyoo nayo: mbwa mzima apewe dawa kila miezi 3, mtoto kila wiki 2 mpaka afikishe wiki 12, kwa kipimo cha uzito wake. Kama umefanya yote hayo na gesi ipo palepale, niletee kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kikopo kisafi chenye kifuniko, usikiache juani garini. Kiasi cha kijiko cha chai chatosha kukitazama kwa darubini.