Somo: Jinsi ya kutumia monita ya kompyuta kuangalia televisheni ya HD

Habari zenu wakuu. Watu wengi wakishahamia kwenye laptop huiweka monita kabatini au huiuza kwa bei ya kutupa, kisha wanaenda kutafuta televisheni ndogo ya chumbani. Monita ile ile ingewafaa kabisa, na picha yake kwa mtu anayekaa karibu mara nyingi ni safi kuliko ya televisheni ndogo ya bei rahisi, kwa sababu monita imetengenezwa ili isomwe maandishi.

Kinachokosekana kwenye monita ya kawaida ni tuna, yaani sehemu inayopokea mawimbi ya antena au dishi na kuyageuza kuwa picha. King'amuzi chenye tundu la HDMI, yaani lile linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja, kinafanya kazi hiyo. Basi tunachohitaji ni kuvikutanisha hivi viwili, na kutafuta njia ya sauti.

Hatua ya 1: Geuza monita, angalia mgongoni kwanza

Usinunue waya wala adapta yoyote kabla ya hatua hii. Utakuta moja au zaidi ya haya:

HDMI: umemaliza, waya mmoja wa HDMI unatosha.

DVI: tundu pana, mara nyingi jeupe, lenye matundu madogo mengi na mkato bapa pembeni. Ishara ya picha ya DVI na ya HDMI ni ya aina moja, kwa hiyo waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili unafanya kazi bila kifaa chochote cha katikati. Sauti ndiyo haipiti.

VGA: tundu la bluu lenye safu tatu, nafasi 15 za pini. Hili ni la mwaka 1987 na linapokea ishara ya analogi. Nimelijibu kwenye maswali hapo chini.

DisplayPort: linafanana na HDMI lakini lina kona moja tu iliyokatwa. Hapa wengi wanapoteza pesa. Zile nyaya za bei nafuu za DisplayPort kwenda HDMI zinafanya kazi kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye televisheni. Kutoka king'amuzi cha HDMI kuingia monita ya DisplayPort unahitaji kigeuzi chenye umeme wake, kilichoandikwa wazi kwamba kinaingiza HDMI na kutoa DisplayPort.

Hatua ya 2: Hakikisha monita ina HDCP

HDCP ni ulinzi uliobuniwa na Intel ili maudhui yanayopita kwenye waya yasirekodiwe. King'amuzi kinaiuliza monita kama inaujua ulinzi huo, na monita isipojibu, kinazuia picha. Monita zenye HDMI karibu zote zinao. Zenye DVI, hasa za zamani, nyingi hazina. Tafuta jina la modeli nyuma ya monita, kisha soma sifa zake kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Dalili yake inajulikana: menyu ya king'amuzi inaonekana vizuri, ukifungua chaneli ya kulipia kioo kinakuwa cheusi au kinatoa ujumbe wa HDCP. Hapo hata ubadilishe nyaya kumi hutapata kitu. Tafuta monita nyingine.

Hatua ya 3: Panga king'amuzi kabla ya kukiunganisha

Kama unaweza kuazima televisheni kwa dakika chache, unganisha king'amuzi huko kwanza, uingie kwenye mipangilio ya picha na uchague 720p au 1080p (namba ni idadi ya mistari ya picha, na p maana yake picha inatumwa nzima). Sababu ni hii: ving'amuzi vingi huanza na 576i au 1080i. Ile herufi i maana yake picha inatumwa nusu nusu, mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa. Televisheni inajua kuziunganisha hizo nusu, lakini monita nyingi hazijui. Zitakuonyesha kioo cheusi au ujumbe kwamba ishara iko nje ya uwezo wake, na wewe utadhani imeharibika.

Monita ya nukta 1920 kwa 1080 ipe 1080p. Ya 1366 kwa 768 au 1280 kwa 1024 ipe 720p. Rimoti ya ving'amuzi vingi ina kitufe cha kubadilisha ukubwa wa picha moja kwa moja. Ukikosa televisheni ya kuazima, kibonyeze taratibu, ukisubiri sekunde chache kila mara, mpaka picha itokee.

Hatua ya 4: Sauti

Monita yenye spika au tundu la hedifoni itatoa sauti iliyokuja na HDMI. Isipotoa, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya king'amuzi ubadilishe kutoka Dolby (sauti iliyobanwa) kwenda PCM (sauti isiyobanwa), kwa kuwa monita haiwezi kufungua Dolby. Kama unatumia DVI, chukua sauti kwenye matundu mekundu na meupe nyuma ya king'amuzi, uipeleke kwenye spika za kompyuta au redio.

Hatua ya 5: Rangi

Ukiona weusi umekuwa kijivu na picha imepauka, usikimbilie kuongeza kontrasti. Video huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe 235, kompyuta huhesabu 0 hadi 255. Tafuta kwenye menyu ya monita sehemu ya kiwango cha weusi au RGB, ubadilishe ilingane na hesabu ya video. Punguza pia ukali wa picha, maana ukizidi unaweka vivuli kuzunguka nyuso za watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, yangu ina VGA tu. Nifanyeje?
Kuna kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, chagua chenye tundu la sauti. Picha itapita kwa chaneli zisizolindwa. Zinazolindwa na HDCP zinaweza kukataa, kwa sababu VGA haina ulinzi huo. Jaribu cha kuazima kabla hujanunua.

Naweza kuchomeka antena moja kwa moja?
Hapana, labda monita yako iwe ni ile yenye tuna ndani. Lakini kama kompyuta bado ipo, tuna ya USB ya DVB-T2 (mfumo wa televisheni ya dijitali ya antena) itaonyesha chaneli za bure za maeneo yanayotumia mfumo huo, na hapo ukubwa wa picha na HDCP havikusumbui.

Monita yangu ni ya mraba, watu wanaonekana wembamba.
Dada, hiyo inavuta picha pana ijaze kioo kizima. Angalia kwenye menyu yake chaguo la kulinda uwiano. Kwa 1280 kwa 1024, picha ya 720p inaingia kamili kwa upana, juu na chini zinabaki pau nyeusi. Monita zisizo na chaguo hilo hazina dawa.

Mpira unakwamakwama ukipigwa pasi ndefu, ni waya mbovu?
Si waya. Chaneli nyingi hurushwa kwa 50 Hz, yaani mara 50 kwa sekunde, na monita inafanya kazi kwa 60, kwa hiyo baadhi ya picha zinarudiwa. Weka king'amuzi kwenye 50 Hz. Monita ikikubali, mpira utateleza vizuri. Ikikataa, rudi 60.

Nina nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Hizo hazitoshi?
Huo wa njano haubebi HD hata king'amuzi kiwe kizuri vipi. Mwekundu na mweupe vitunze, ndivyo vya sauti kwenye hatua ya 4.