Kukutana Tanga wakati wa kipupwe: mwongozo kwa marafiki wa Arusha na Moshi wenye wenzao Dar es Salaam

Kuanzia Juni hadi Agosti wingu la kipupwe huuegemea Mlima Meru na kuifunika Arusha, wakati mwingine siku kadhaa mfululizo, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Moshi, kwa kuwa iko chini zaidi, ina nafuu, ingawa nako mtu hatoki alfajiri bila sweta. Hii ndiyo miezi ambayo watu wa huku hutamani pwani, na wengi wetu tuna marafiki tuliosoma nao au kufanya nao kazi ambao wamekwishahamia Dar es Salaam. Lakini mialiko hukwama njiani. Wa Dar husema "shukeni huku", wa Arusha husema "pandeni nyinyi", kila upande ukihesabu uchovu wake, na mwaka unakwisha watu wakipongezana siku za kuzaliwa kwa simu. Kwa mapumziko ya siku mbili hadi nne, maoni yangu ni kwamba asiwepo wa kumtembelea mwenzake: wote wakutane Tanga.

Hesabu ya barabara inaunga mkono jambo hili. Kutoka Moshi hadi Tanga ni takribani kilomita 350, na kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze ni takribani hizo hizo. Anayetoka Arusha ataongeza kilomita 80 tu. Njia hizo mbili hukutana Segera, na kuanzia hapo wote hushuka barabara moja kupitia Muheza. Faida nyingine, isiyoonekana kwenye ramani, ni kwamba Tanga hakuna mwenyeji wala mgeni. Ukienda nyumbani kwa rafiki Dar, watoto wake huhamishwa chumba, jikoni hapalali, na mwenyewe Ijumaa jioni yuko kwenye foleni ya magari huku wewe umeketi sebuleni kwake ukitazama taarifa ya habari. Zanzibar ni nzuri, sikatai, na ndege zipo kutoka KIA na kutoka uwanja wa Kisongo; ila kwa safari fupi nauli hula sehemu kubwa ya fungu, na asiye nayo hujitoa kimyakimya kwa kisingizio cha kazi. Lushoto, ambayo wengine huipendekeza kwa sababu iko jirani na njia, msiifikirie katika miezi hii, kwani baridi yake ndiyo hii tunayoikimbia.

Tarehe na fungu

Wahenga walisema panapo wengi hapaharibiki neno, lakini tarehe ya safari huharibika hasa panapo wengi. Watu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa Dar, wapigiane simu na kuchagua tarehe mbili, kisha wazipeleke kwenye kundi la WhatsApp zikiwa hizo mbili tu, na wenzao wachague kati yake kabla ya siku iliyotajwa. Sikukuu za Saba Saba, tarehe 7 Julai, na Nane Nane, tarehe 8 Agosti, zinafaa sana mwaka ambao zinaangukia karibu na mwisho wa wiki, maana mwajiriwa ataomba ruhusa ya siku moja badala ya tatu. Aprili na Mei ziachwe, kwa kuwa masika huinyeshea Tanga vikali. Desemba nayo ina mambo yake: mtu wa Moshi hawezi kushuka pwani wakati ukoo mzima unapanda nyumbani kwa Krismasi, na mwanzoni mwa Januari mabasi ya kuelekea Dar hujaa wanaorudi kazini. Tazameni pia kalenda ya Ramadhani, kwani Tanga na Pangani zina Waislamu wengi na migahawa mingi hufungwa mchana.

Katika fedha, kanuni ninayoitetea ni moja, nayo ni kwamba kiwango cha mchango kipimwe kwa mwenye kipato kidogo kuliko wote. Mteueni kijumbe, kama ilivyo kwenye upatu, naye ampigie kila mmoja faraghani kumuuliza anaweza kutoa kiasi gani bila kukopa. Jibu la chini kabisa ndilo liwe kiwango, na kundi lisijue limetoka kwa nani. Mwenye uwezo zaidi asijitangaze kwamba atawalipia wenzake, kwa sababu tangazo hilo humfanya anayelipiwa aone haya safari nzima. Akitaka kutoa, anunue samaki wa usiku mmoja au alipie boti, jambo hilo likifanyika pale pale bila hotuba. Nusu ya mchango ilipwe kwa simu wiki mbili kabla, na anayechelewa aelezwe mapema, kwa upole, kwamba nafasi yake ya kulala haijawekwa.

Amueni pia, kabla ya kupanga nyumba, kama wenzi na watoto watakuwepo. Safari ya marafiki watupu na safari ya familia ni safari mbili tofauti, na ugomvi mwingi hutokea pale nusu ya kundi ilipodhani ni hii na nusu nyingine ikadhani ni ile.

Njiani

Tiketi ikatwe kwenye ofisi ya kampuni ya basi iliyopo stendi, au kwa mfumo wake wa simu, wala si kwa mpiga debe anayekupokea mlangoni. Ulizeni kama basi linafika Tanga mjini au linaelekea Dar na litawashusha Segera. La pili halina ubaya mkifika Segera mchana, kwa kuwa magari madogo ya kwenda Tanga hupatikana hapo, lakini kubadilisha gari usiku mkiwa na mizigo ni kero ambayo tiketi ya moja kwa moja ingewaepusha. Basi la alfajiri linafaa zaidi: huwafikisha kabla ya jioni, na wa Dar wakiondoka saa hiyo hiyo mtapishana kwa muda mfupi tu.

Kuna jambo dogo ambalo wakatishaji tiketi hawalisemi. Mkishuka kutoka Moshi, milima ya Upare na baadaye Usambara huwa upande wa kushoto, na jua la asubuhi nalo huwa huko huko. Anayetaka kutazama milima akae kushoto na avumilie jua. Anayetaka kulala achague kulia, ambako ataona tambarare na mashamba ya mkonge kuanzia Mombo na Korogwe. Mwenye gari lake akumbuke kwamba barabara hii hupita vijiji vingi vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani wanavijua vyote.

Mjini au Pangani

Kama mnalala siku mbili, bakini Tanga mjini. Raskazone ina utulivu, fukwe zake ni ndogo lakini zinatosha kwa kuogelea, na kisiwa cha Toten kinaonekana ghubani. Mapango ya Amboni, ambayo ni ya mawe ya chokaa, yako kilomita nane hivi kaskazini mwa mji na yanamalizika kwa nusu siku. Kama mna siku tatu au zaidi, endeleeni hadi Pangani, takribani kilomita 50 kusini. Ufukwe wa Ushongo, ambao ndio mzuri zaidi, uko ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, hivyo msipange kufika huko giza likiwa limeshaingia.

Mtu wa Arusha au Moshi hapaswi kujiona mgeni mbele ya Mto Pangani. Maji yake huanzia kwetu: Kikuletwa hukusanya ya Meru na ya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, Ruvu huleta mengine, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto hushuka hadi Bahari ya Hindi.

Nyumba nzima yenye baraza ni bora kuliko vyumba vya hoteli vilivyotawanyika, kwa sababu mazungumzo mazuri huanza baada ya chakula cha usiku, wakati ambao hotelini kila mtu huwa ameshaingia chumbani kwake. Kabla ya kulipa, ulizeni kama kuna maji ya uhakika, feni, na chandarua kwa kila kitanda, tena muombe picha za vitanda vyenyewe, si za bahari. Mlipeni mpishi wa pale pale. Kundi linalojipikia huishia na watu wawili jikoni siku zote, na aghalabu ni wale wale.

Kupwa na kujaa

Hapa ndipo watu wa bara hupoteza siku. Bahari ya Tanga hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Katika siku hizo maji hukauka karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri, kisha nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Kwa hiyo anayetoka na taulo saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu atakuta matope, mawe na akina mama wakitafuta pweza. Wiki ya nusu mwezi mambo hugeuka, na maji hujaa asubuhi.

Kujua hili mapema huwasaidia kupanga siku nzima. Asubuhi za bamvua zinafaa kwa kisiwa cha Maziwe, fungu la mchanga mbele ya Ushongo ambalo zamani lilikuwa na mivinje kabla bahari haijalila, na ambalo sasa huonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Ni hifadhi ya bahari na ina kiingilio. Muulizeni nahodha saa ya kurudi kabla ya kuuliza bei, na msipande chombo kisicho na majaketi okozi ya watu wote. Upepo wa kusi huvuma katika miezi hii yote na mara nyingi huongezeka mchana. Nahodha akisema leo haiwezekani, msimbembeleze. Kwenye miamba vaeni yeboyebo, kwani kuna viumbe wenye miiba inayovunjikia ndani ya nyayo.

Kukaa pamoja

Jioni ya kwanza isipangiwe chochote. Watu ambao hawajaonana kwa miaka huanza na habari za kazi na za watoto, na huchukua saa nyingi kufikia yale yaliyo moyoni. Ratiba ikiwakatisha, huwa vigumu kuirudia hali hiyo. Kama kuna aliyefiwa na hamkuweza kufika msibani, apewe pole ana kwa ana kabla ya mzaha wa kwanza. Mambo ya michango ya harusi, mikopo na siasa za kazini yaachwe hadi yeye mhusika ayaanzishe. Simu sioni haja ya kuzipiga marufuku, maana watu wazima wana wagonjwa na watoto nyumbani, lakini mezani zinaweza kukaa mfukoni.

Asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi hupatikana kwa urahisi mjini, na madafu yapo kila mahali. Samaki wanunuliwe mapema kwenye mwalo wa Deep Sea, Tanga; changu na tasi wanafaa kuchomwa, na wakati wa kusi kali msishangae kukuta samaki wachache na bei imepanda. Sisi wa huku tuna tabia ya kuuliza bei kabla ya kusalimu, jambo ambalo Tanga hupandisha bei yenyewe. Shikamoo kwa aliyekuzidi umri, habari za asubuhi, za nyumbani, halafu ndipo samaki. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Ukipita mtaani, jifunge kanga au kikoi.

Mkiwa na siku moja tu

Wale ambao hawawezi kulala nje wakutane Chemka, chemchemi ya Kikuletwa inayofikiwa kupitia Boma Ng'ombe, kati ya Arusha na Moshi. Maji yake ni ya uvuguvugu na maangavu, chini ya mizizi ya miti mikubwa. Barabara ya mwisho ni ya vumbi. Nendeni asubuhi, na ikiwezekana siku ya kazi, kwa sababu Jumapili mchana hapana hata pa kuweka begi. Ogeleeni kwenye chemchemi yenyewe tu, si mtoni.

Dawa na kurudi

Tiketi za kurudi zikatwe siku mnayofika. Kwa begi, sweta la alfajiri, chandarua cha akiba na dawa ya kufukuza mbu ni muhimu kuliko nguo ya tatu ya picha. Mbu wa pwani si wa kudharauliwa, hasa kwa mtu aliyezoea baridi ya Arusha, ambako malaria ni nadra zaidi. Vaeni mikono mirefu jua linapozama, na mkirudi, yeyote atakayepata homa kati ya wiki moja na mwezi mmoja baada ya safari aende kupima siku hiyo hiyo, na amweleze daktari bila kuulizwa kwamba alikuwa Tanga, kwa sababu katika kipupwe ni rahisi homa hiyo kudhaniwa mafua.