Mkopo usio wako kwenye ripoti ya CRB: mambo ya kuzingatia kabla ya kulalamika

Nchini Uganda, ofisi ya CRB, yaani ofisi ya kumbukumbu za mikopo ya watu, haitungi deni. Inatunza taarifa zilizoletwa na benki au mkopeshaji, na kwa kawaida haifuti kitu mpaka aliyezileta akiri kwamba amekosea. Kwa hiyo maandalizi yako yalenge hasa faili la mkopeshaji, maana humo ndimo utakapoonekana ushahidi kwamba aliyekopa si wewe.

Anza kwa kuchukua ripoti yako kamili. Uganda ina CRB zaidi ya moja, zikiwemo gnuGrid na Metropol. Chukua kwa kila moja, kwa sababu kosa lililorekebishwa huku laweza kubaki kule. Kagua NIN, yaani namba yako ya utambulisho wa taifa, herufi kwa herufi: ina herufi na tarakimu 14, ya raia mwanamume huanza na CM na ya mwanamke CF. Sufuri ikiandikwa kama herufi O, au Okello Moses akachanganywa na Moses Okello mwingine, hapo hakuna mwizi. Ni rekodi za watu wawili zimeunganishwa. Hilo husahihishwa kwa nakala ya kitambulisho na barua. Tazama pia orodha ya waliowahi kuulizia rekodi yako. Jina la taasisi ambayo hujawahi kuiendea ni dalili kwamba mtu amejaribu kukopa kwa jina lako.

Ikiwa ni wizi wa utambulisho, usilipe hata shilingi moja ili "jambo liishe". Tunalisisitiza hili kwa sababu mikopo ya simu mara nyingi ni midogo na kishawishi cha kulipa ni kikubwa, lakini malipo hayo yatasomwa kama umelikubali deni.

Nenda polisi, uandikishe taarifa na upewe nambari ya SD, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo. Kisha apa mbele ya kamishna wa viapo kwamba mkopo huo hukuuomba wala hukupokea fedha zake. Ikiwa kitambulisho kiliwahi kupotea, ambatisha barua ya polisi ya wakati ule. Tarehe yake ikitangulia tarehe ya mkopo, hoja yako inapata nguvu sana. Kama ulimwachia mkopeshaji kitambulisho kama dhamana, andika ni nani na lini.

Nenda pia kwenye duka la kampuni yako ya simu uulize ni laini zipi zimesajiliwa kwa NIN yako. Laini usiyoijua ifungwe, na uombe uthibitisho kwa maandishi. Mara nyingi fedha za mkopo hupitia laini kama hiyo.

Barua kwa mkopeshaji iwe fupi: namba ya akaunti kama ilivyo kwenye ripoti, kiasi, tarehe, na maneno "siutambui mkopo huu". Dai fomu ya maombi, picha na sahihi ya mkopaji, na namba ya simu au akaunti iliyopokea fedha. Hapa ndipo malalamiko mengi hukwama: mtu analalamika kwa mdomo kwenye kaunta, na mwezi ukiisha hakuna anayemkumbuka. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala nyingine ipeleke CRB siku hiyohiyo.

Mkopeshaji akikaa kimya, malalamiko dhidi ya benki na taasisi ndogo zinazopokea amana yapeleke Benki Kuu ya Uganda. Ya wakopeshaji binafsi yapeleke UMRA, mamlaka inayowasimamia. Kama taarifa zako zilitumiwa bila idhini, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kudai zisahihishwe, na malalamiko hupokelewa na PDPO, ofisi ya ulinzi wa data binafsi. Wakati huo wote endelea kulipa mikopo yako halali kwa tarehe zake.

Ukishinda, dai barua ya mkopeshaji inayosema huna deni. Wakopeshaji hutuma taarifa mpya mara kwa mara, na mfumo wao usiposafishwa, kosa lilelile hurudi. Chukua ripoti nyingine baada ya miezi miwili, kwa kila CRB.