Somo: Kamera ya kopo la maziwa, kuanzia tundu hadi picha ya ukutani

Tafuta kopo la maziwa ya unga lenye kipenyo cha sm 10, kopo tupu la soda, sindano nyembamba, msasa namba 600, rangi nyeusi ya ubao, tepu nyeusi ya umeme na karatasi ya picha nyeusi-nyeupe ya RC (iliyopakwa plastiki).

1. Tundu. Hapa usiwe na haraka, maana lenzi hakuna. Kata bati la soda sm 2 kwa 2, liweke juu ya kadibodi, bonyeza kwa ncha ya sindano huku ukiizungusha. Usitoboe mara moja. Ligeuze, sugua kinundu kwa msasa, rudia mpaka ncha ipenye. Kwa kopo hili unataka mm 0.4. Liskani kwa dpi 1200 (nukta 1200 kwa kila inchi): tundu sahihi lina upana wa pikseli 19 hivi. Likizidi, picha inakuwa na ukungu. Likiwa dogo mno, ukungu unarudi vilevile kwa sababu mwanga hutawanyika penye upenyo mwembamba. Ila kingo zenye makwaruzo huharibu zaidi kuliko kukosea ukubwa kidogo.

2. Kopo. Toboa ubavuni, katikati ya urefu, kwa msumari wa mm 6. Paka rangi ndani kote, ikikauka bandika bati kwa ndani. Kipande cha tepu nje ndicho mlango. Kifuniko cha plastiki hupitisha mwanga, kwa hiyo kivishe foili na tepu.

3. Kupiga. Kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, kata karatasi sm 10 kwa 15, ipinde ndani ya kopo mkabala na tundu, uso unaong'aa uelekee tunduni. Hesabu ya kopo hili ni f/250 (umbali wa tundu hadi karatasi, mm 100, gawa kwa upana wa tundu, mm 0.4), na wepesi wa karatasi kupokea mwanga ni kama ISO 6, yaani mdogo: jua la saa sita sekunde 60, mawingu dakika 4 hadi 5. Weka jiwe juu ya kopo lisitikiswe na upepo.

4. Kusafisha. Changanya developa (dawa ya kutokeza picha) na fiksa (dawa ya kuifanya isibadilike tena kwa mwanga) kama lebo inavyosema. Developa dakika 1 na nusu kwenye nyuzi 20, siki (sehemu 1 kwa maji 2) sekunde 20, fiksa dakika 2, suuza dakika 5. Maji ya bomba Dar au Mombasa yana joto zaidi ya hapo na picha hutokea haraka mno; weka beseni la dawa ndani ya beseni kubwa lenye barafu.

5. Kuchapa. Picha uliyopata ni negativu: penye mwanga ni peusi, penye giza ni peupe. Ikikauka, rudi chini ya taa nyekundu, ilaze uso kwa uso juu ya karatasi mpya, gandamiza kwa kioo kizito, washa balbu nyeupe mita 1 juu. Jaribu kwanza kwenye vipande vya karatasi: sekunde 2, 4, 6, 8. Kisha safisha kama hatua ya 4.

Maswali

– Mkuu, yangu imekuwa nyeusi tii yote.
Ama kopo linaingiza mwanga, ama taa yako nyekundu si salama. Weka sarafu juu ya karatasi chini ya taa hiyo dakika 5, kisha safisha karatasi kama hatua ya 4. Alama ya sarafu ikionekana, badilisha taa. Isipoonekana, kagua kifuniko.

– Picha ikianza kuwa nyeusi ndani ya sekunde 20 kwenye developa, niitoe mapema?
Hapana, utapata kijivu chenye madoa. Punguza muda wa kupiga.

– Kwa nini ukuta wa nyumba umepinda?
Karatasi imepinda. Mstari ulio usawa wa tundu hubaki umenyooka. Wa juu na wa chini hupinda. Inua kopo, au tumia boksi la mraba.

– Mwalimu, kwenye chapa kuna maandishi hafifu ya kiwanda.
Yako mgongoni mwa negativu, na mwanga umepita hapo. Tumia karatasi yenye mgongo mweupe mtupu.

– Nimeskani negativu kwa simu nikageuza rangi, bango la duka linasomeka kinyume.
Ndivyo negativu ilivyo. Kuchapa uso kwa uso hurekebisha. Kwenye simu, geuza picha kushoto-kulia.