Kuweka pawa stelingi kwenye Massey 135 ya zamani

Trekta za Massey Ferguson 135 zilianza kutengenezwa 1964 na mpaka leo zinalima, ila ukiwa kwenye tope halafu umefunga tela nyuma, ile stelingi lazima mabega yaombe poo. Dawa ipo na fundi wa kawaida anaiweza.

Kabla hujatoa hela inua mbele kwa jeki uzungushe stelingi. Kama bado nzito na tairi ziko hewani basi kingpini (pini ambazo tairi za mbele zinakatia kona) zimekauka au stelingi boksi imekwisha, piga grisi, badilisha bushi kwanza. Na upepo wa tairi cheki.

Vitu vyenyewe ni obitroli (valvu unayoizungusha na stelingi, ndiyo inapeleka oil kwenye silinda), silinda ya kusukuma na kuvuta, pampu, tenki dogo lenye filta, na mipira ya presha. Wengi wanasema si nichukue tu oil ya hydraulic ya kunyanyulia jembe, ipo tayari. Haifai! Ile pampu iko huko nyuma ndani, inazungushwa na shafti ya PTO (ile ya kuendeshea mashine za nyuma), na inadhibitiwa upande wa kunyonya, yaani jembe likishapanda haisukumi kitu, sasa stelingi itakula nini? Funga pampu ya gia ya peke yake, iendeshwe na mkanda kutoka puli ya krenki.

Saizi ndio watu wanakosea. Chukua silinda ya kipenyo 50 mm, rodi 25 mm, mwendo 200 mm: upande mmoja inameza kama cc 390, upande wa rodi kama cc 295. Ukiweka obitroli ya cc 100 kwa raundi utazungusha karibu mara 4 upande mmoja na 3 mwingine kutoka mwisho mpaka mwisho, sio mbaya. Pampu ya cc 8 kwa raundi ikizunguka sawa na injini, kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kuongezewa mafuta) ya raundi 750 kwa dakika inatoa lita 6 kwa dakika, hapo unaweza kuzungusha stelingi raundi moja kila sekunde bila kukwama. Obitroli iwe ya open senta (usipokata kona oil inapita tu kurudi tenki) yenye matundu manne, P ya pampu, T ya tenki, L ya kushoto na R ya kulia. Ukikuta za mafoklifti kwenye skrepa zina tundu la tano limeandikwa LS (load sensing, mfumo mwingine), achana nazo.

Sasa sikiliza hapa. 135 haina tairodi ya kuunganisha tairi za mbele, kila tairi ina fimbo yake inayotoka kwenye stelingi boksi. Ukizitoa ukafunga silinda upande mmoja, tairi la pili litaenda linakotaka, kwa hiyo tengeneza tairodi, tena ya kurefusha na kufupisha kama huwa unabadilisha upana wa mbele. Silinda nayo mkia wake ufungwe kwenye ekseli yenyewe, usifunge kwenye bodi, maana ekseli inacheza juu chini kwenye pini ya katikati na kila shimo litakuwa linakukatia kona lenyewe. Tairi zikinyooka silinda iwe nusu ya mwendo wake. Breketi iwe ya chuma kinene na ishikwe na bolti, mikono ya stelingi usiichomelee kabisa.

Rilifu valvu (inayoachia oil presha ikizidi) anza na bar 70 upandishe kidogo kidogo mpaka ikate vizuri gari limesimama. Kwa bar 100 silinda hiyo inasukuma karibu tani 2, utapinda vyuma.

Kutoa hewa: mbele juu ya jeki, injini sailensa, zungusha mwisho mpaka mwisho huku mwenzako anaongeza oil, mpaka mapovu yaishe kwenye tenki. Kutafuta linapovuja pitisha kipande cha boksi, sio kidole, oil ya presha inapenya ngozi na hiyo ni hospitali moja kwa moja. Ukikata kulia ikaenda kushoto badilishana tu mipira ya L na R.

Injini ikizima bado utakata, ila kwa nguvu sana. Mpira ukipasuka ndio huna stelingi kabisa, kwa hiyo usinunue wa bei chee, na barabarani usikimbie. Baada ya kulima siku ya kwanza rudia kukaza bolti zote za breketi.